Mama Nukta Mkato, Aliyeifundisha Mashine Kukoma

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Nukta Mkato atazima kompyuta ya chumba cha kuchonga kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi. Ameitumikia karakana yetu ya vibao na mihuri kwa miaka thelathini na miwili. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Kwa hesabu yake mwenyewe huu ni mwaka wa thelathini na moja, kwa sababu ule wa kwanza aliuita mwaka wa sifuri. Karani aliyetumwa kumrekebisha alitoka mle chumbani akiwa hana uhakika hata na umri wake.

Mimi ninayeandika ni Fundi Msasa, jirani yake wa meza kwa miaka ishirini na mitatu. Mashine ikishachonga kibao, mimi nalainisha kingo kisichane watu vidole. Nimepewa kazi hii ya kuandika kwa sababu wenzangu wote, walipoombwa, ghafla walikuwa na shughuli nyingi. Sijawahi kuandika wasifu wa mtu. Nimeandika barua nyingi za kuomba ruhusa, na zile zilikuwa na uongo mwingi. Huu ni wa kweli mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo kila mtu hapa analijua ingawa halimo kwenye ratiba ya sherehe, kwa hiyo nilitoe mapema. Miezi mitatu iliyopita Bosi, mwenye karakana, alituita akatuambia bila kuzunguka. Programu inayoendesha mashine ya kuchonga ameiandika Mama Nukta peke yake, na anayeielewa ni Mama Nukta peke yake. Siku atakayoondoka, kama hakuna mwingine anayeweza kuigusa na kuirekebisha, mashine itauzwa, chumba kitafungwa, na sisi wawili tutakaobaki wa chumba hicho tutakwenda nyumbani. Sisi wawili ni mimi na Shangazi Kaunta, anayepokea oda dirishani. Shangazi Kaunta alinitazama mimi. Mimi nilitazama nyuma yangu, nikakuta ukuta.

Ndivyo nilivyoanza masomo nikiwa na miaka hamsini na mmoja, mtu ambaye kompyuta nilikuwa naipita kwa mbali kama mtu ninayemkwepa barabarani. Lakini habari hii si yangu. Turudi kwa mstaafu.

Mama Nukta hakuja hapa kuwa mtaalamu wa kompyuta. Aliajiriwa kuwa mpiga chapa, na kwa miezi minane alipiga chapa vizuri sana. Kisha ikaletwa mashine ya kuchonga, ikiwa na kompyuta yake ya kioo cha kijani na kitabu kinene cha lugha ya C, lugha ambayo watu huitumia kuiandikia kompyuta maagizo. Fundi aliyeileta alifundisha asubuhi moja, akaenda kula, akasema atarudi kesho. Kesho hiyo bado tunaisubiri. Kitabu nacho kilikuwa kimenyofoka kurasa ishirini za mwanzo. Mama Nukta akakifungua ukurasa wa ishirini na moja, akaanza kusoma kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo ya wengine na kuamua kukaa.

Jina lake amelipata kwenye hiyo lugha. Katika C, kila agizo lazima limalizike kwa nukta mkato. Ukiisahau moja, mashine inakataa yote, hata kama uliyoandika ni ya maana kiasi gani. Baada ya mwaka mmoja nukta mkato zilikuwa zimemwingia damuni. Aliziweka mwisho wa orodha ya wanywa chai, mwisho wa barua za likizo, mwisho wa ujumbe wa simu. Mumewe, mshona mapazia na mtu mpole sana, aliwahi kutuambia kwamba hata ile karatasi anayoachiwa mezani, ya kununua nyanya, kitunguu na sabuni, kila kitu kina nukta mkato yake. Alisema siku ya kwanza alidhani anakosewa adabu.

Somo la kwanza alilonipa mimi lilihusu alama hiyohiyo. Niliandika mistari kumi na miwili, mashine ikalalamika kuwa kosa liko mstari wa kumi na mbili. Nikaukagua mstari huo mpaka macho yakawasha, ulikuwa msafi. Mama Nukta akaja, akaweka kidole mstari wa kumi na moja, ambako nilikuwa nimesahau nukta mkato. Mashine haikujua kwamba agizo limekwisha, ikaendelea kusoma, ikagongana na jirani asiye na hatia, ikamlaumu huyo. Tangu hapo, kikombe kikivunjika hapa kazini, Mama Nukta hamgombezi aliyeshika vipande. Anauliza nani alikuwa jikoni kabla yake. Mara nyingi amekuwa Bosi.

Kuhesabu kuanzia sifuri nako kulimkaa. Katika C, kijumba cha kwanza kwenye safu ni kijumba namba sifuri, na yeye akaona huo ndio ustaarabu. Binti yake mkubwa, ambaye leo ni muuguzi, amekua akitambulishwa kwa wageni kama mtoto wa sifuri. Alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani analia. Mama yake akamweleza kwamba bila sifuri safu nzima haina pa kuanzia. Mtoto akanyamaza, akaenda kuwatangazia wadogo zake kwamba wao ni ziada.

Siku moja Bosi alitoa hoja ndefu kikaoni kuhusu kuhamisha kabati. Mama Nukta, ambaye alikuwa amesema kitu hichohicho dakika tano kabla, akatamka kwa furaha, "Sifuri, Bosi!" Bosi alinuna siku nne. Ilibidi aelezwe polepole, kwa mchoro, kwamba ukiitaka C ilinganishe maneno mawili herufi kwa herufi, nayo ikakuta yanafanana kabisa, jibu inalokupa ni sifuri, yaani tofauti hakuna. Alikuwa amesifiwa. Bosi akasema mtu akitaka kumsifu atumie maneno ya kawaida.

Yako pia makosa, na mwenyewe ameniruhusu niyataje kwa sharti kwamba nitaje na yangu. Lake la kwanza lilikuwa la alama ya sawasawa. Katika C, ukiandika sawasawa moja, unaamuru. Ukiandika mbili, unauliza. Ni kama sisi tunaposema "chai ipo" na "chai ipo?", maneno yaleyale, kinachobadilika ni sauti tu. Mama Nukta alikusudia kuiuliza mashine kama rangi ya kibao ni nyekundu. Akasahau alama moja, na mashine ikasikia amri: rangi ni nyekundu. Wiki nzima vibao vyote vilitoka vyekundu. Maktaba ilipata KIMYA nyekundu, na chumba cha kunyonyeshea watoto kikapata bango lililofanana na la tahadhari ya umeme.

La pili ni la duka la mazulia. Waliagiza kibao cha USIINGIE NA VIATU. Siku zile programu ilikuwa inasoma oda kwa njia inayokoma kwenye nafasi ya kwanza kati ya maneno, na Mama Nukta hakuwa amefika ukurasa unaoonya juu ya hilo. Mashine ikachonga USIINGIE. Mwenye duka akakipachika mlangoni bila kukisoma, akakaa ndani siku mbili akijiuliza watu wa mji huu wamekosana naye lini.

Lakini kisa kilichotufanya tujulikane ni cha daktari wa meno. Ili kielezeke, lazima niseme mashine inavyoyaona maneno. Kwake yeye, neno ni herufi zilizopangwa kwenye vijumba, moja baada ya nyingine, na baada ya ile ya mwisho huwekwa sifuri isiyochongwa, ambayo kazi yake ni kuiambia mashine: koma hapa. Pasipo hiyo sifuri, mashine haikomi. Inaendelea kusoma chochote inachokikuta kwenye vijumba vya mbele, hata kama ni makombo ya mteja aliyepita.

Mteja aliyepita alikuwa ameagiza TAHADHARI KUNA MBWA MKALI. Akafuata daktari na oda yake ya DAKTARI WA MENO, herufi kumi na tano ukihesabu na nafasi. Zikakaa juu ya zile kumi na tano za mwanzo, barabara kabisa, bila sifuri ya mwisho, na mkia wa oda ya zamani ukabaki pale pale ulipokuwa. Mashine ikachonga kwa mwandiko mzuri ajabu:

DAKTARI WA MENOMBWA MKALI

Mimi ndiye niliyelainisha kingo zake. Hilo ndilo kosa langu nililoamriwa kulitaja. Nilikipiga msasa kibao kile dakika ishirini nzima bila kukisoma, nikakifuta vumbi, nikakisifu. Kikapachikwa. Wagonjwa walikuwa wakifika getini, wanasoma, wanajishika taya, kisha wanaamua kwamba jino linavumilika. Mmoja aliingia na fimbo. Tulimchongea daktari kibao kingine bure, na tukamwomba radhi sana, lakini kile cha kwanza hakukirudisha. Inasemekana amekipigilia nyumbani kwake na wachuuzi hawabishi hodi tena.

Baada ya aibu hiyo, Mama Nukta alirudia programu nzima, mstari kwa mstari, kwa miezi mitatu, na tangu siku ile hakuna kibao kilichotoka hapa na mkia wa mtu mwingine. Hilo ndilo fanikio lake kubwa. Kwa usalama zaidi aliipeleka kanuni hiyo mpaka kwenye vikao vyetu. Watu kumi hupangiwa viti kumi na kimoja, na cha mwisho hakikaliwi, ili safu ijue imekwisha. Niliwahi kukikalia. Nikaambiwa nimeharibu mwisho wa kikao, na kweli, kikao kile kilikwenda saa tatu na nusu.

Sasa nifike Jumatano iliyopita.

Soko la mifugo lilileta oda ya vibao arobaini: ZIZI LA NG'OMBE, namba moja hadi arobaini. Shangazi Kaunta alipoipokea alikuna kichwa, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba mashine yetu haijui ritifaa, ile alama ndogo ya juu inayokaa baada ya NG. Ikikutana nayo, inaacha mwanya mdogo na kupita. Kibao kinatoka NG OMBE, kinakuja kwangu, na mimi nachukua tupa ndogo yenye ncha na kuichonga alama hiyo kwa mkono. Nimefanya hivyo miaka kumi na minane. Ng'ambo, ng'arisha, ng'oa, zote zimepita mikononi mwangu, na nasema bila haya kwamba hakuna mtu mwenye ritifaa nzuri kama yangu.

Bosi akaona hapo ndipo pa kunipimia. Alisema nikiweza kuifundisha mashine ritifaa, peke yangu, Mama Nukta akiwa amekaa kwenye benchi la wateja bila kufungua mdomo, chumba kitabaki. Nikishindwa, Jumatatu anaita wanunuzi. Akavuta kiti, akakaa. Shangazi Kaunta akafunga dirisha, jambo ambalo hafanyi hata kwa mvua. Nikaketi kwenye kompyuta.

Kwenye programu, umbo la kila herufi limeandikwa mahali pake, na herufi yenyewe hutajwa ikiwa katikati ya ritifaa mbili, moja kushoto na moja kulia. Kwa A hakuna taabu. Lakini ritifaa yenyewe unaitajaje? Niliweka tatu mfululizo, mashine ikafoka. Ile ya kati ilikuwa imeiona kama mlango wa kufungia. Nikajaribu kuizungushia alama za kunukuu, ikafoka tena, maana hizo ni za maneno, si za herufi moja. Bosi akatazama saa. Mama Nukta alikuwa anatazama dari, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini za nguo mdomoni.

Nikachukua karatasi, nikafikiri kwa kalamu, ndivyo ninavyoweza. Nikakumbuka somo la mwezi uliopita, la mkwaju uliolalia nyuma, ule mstari mfupi wa mshazari. Ukiutanguliza mbele ya alama, unaiambia mashine isiifanyie alama hiyo kazi yake ya kawaida, iipokee tu kama ilivyo. Nikaandika kwenye karatasi '\'' na kuitazama sana. Ilifanana na uso wa mtu aliyekonyeza. Nilijua ndiyo yenyewe.

Nikashuka kwenye programu nitafute pa kuiweka, nikapita A mpaka Z, nikapita tarakimu, nikafika chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu siku zote masomo yalikuwa yanaishia juu. Hapo nikakuta mistari iliyozungushiwa mkwaju na nyota mwanzoni, nyota na mkwaju mwishoni. Katika C, chochote kilicho kati ya alama hizo mashine inakiruka. Ni maneno ya mtu kwa mtu. Ndani yake kulikuwa na ritifaa. Imekamilika, ina mkwaju wake wa nyuma, ina vipimo vya sindano ya kuchongea, kila kitu, na tarehe ya miaka kumi na minane iliyopita. Juu yake yameandikwa maneno haya:

Inafanya kazi. Usiifungue; hii ni kazi ya Fundi Msasa; ana watoto watatu;

Hapa inabidi nimwombe Bosi aruke aya moja.

Mwaka ule sindano mpya zilikuwa zimekuja, kingo zikawa zinatoka laini zenyewe, na Bosi akaniambia kwamba msasa hauna kazi tena na mwisho wa mwezi niage. Nilikwenda nyumbani sikumwambia mtu. Kesho yake Mama Nukta aliingia ofisini kwa Bosi na kibao chenye NG OMBE mkononi, akamwambia kwamba ameangalia kila namna na mashine haiwezi ritifaa, haiwezi kabisa, kwa hiyo lazima abaki mtu wa mkono. Mimi nilisikia kupitia mlango, nikasema moyoni, ahsante kwa ujinga wa mashine. Miaka kumi na minane nimeishukuru mashine. Nilikuwa namcheka mwenyewe usoni, namtania kwamba programu yake inaweza kila kitu ila imeshindwa na kijialama cha ukubwa wa punje ya mchele. Naye alikuwa anaitikia, "Ndiyo hivyo, fundi, imenishinda;" na kuendelea na kazi.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa bado anatazama dari, amekatazwa kusema, na machozi yanamteremka mpaka kidevuni. Yangu nayo yalikuwa njiani. Bosi akauliza kama kuna hitilafu. Nikasema hakuna, ni vumbi la vibao.

Sikutumia ritifaa yake. Niliandika yangu, mistari miwili chini ya ile, kwa mkono wangu na nukta mkato zangu. Mashine haikufoka. Sindano ikashuka, ikachonga ZIZI LA NG, ikanyanyuka, ikagusa mara mbili pale juu, ikaendelea OMBE. Bosi akasogea, akavaa miwani, akapitisha kidole. Akasema chumba kinabaki, na kwamba kuanzia Jumatatu msimamizi wa mashine ni Fundi Msasa. Shangazi Kaunta alifungua dirisha na kuwapigia kelele wateja waliokuwa kwenye foleni kwamba hawajui walichonusurika nacho. Ruhusa ya kusema ilipotolewa, Mama Nukta alisema kitu kimoja tu, kwamba ritifaa yangu imekaa chini kidogo. Ni kweli. Nimeipandisha.

Mistari yake nimeiacha pale pale chini, ndani ya alama zake, mashine iendelee kuiruka.

Mama Nukta, uliniambia nisiandike habari hii, na kwa mara ya kwanza tangu uanze kunifundisha nimekaidi. Nyumbani nimeieleza jana. Wale watatu uliowaandika sasa ni watu wazima wenye kazi zao, na mdogo wao ana mtoto. Wameomba ruhusa wote, kwa barua zisizo na uongo hata kidogo, waje Ijumaa. Nimewawekea viti mstari wa mbele. Usiwakimbie, wana jambo la kukuambia.

Kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa kila neno lililotoka hapa likiwa kamili. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na haraka, na maisha mema wewe na familia yako.